Mwaka Tuliotafuta Wavu

Mama Neema alizikwa Jumamosi, kwenye shamba lake mwenyewe kule Magamba, jirani na miti yake ya plamu, na siku ya pili yake mimi nilikuwa bado jikoni kwake, nimekalia kigoda, namenya viazi na wanawake wa jirani. Baadhi yao walinishangaa. Mtu mzima wa umri wangu, aliyekuja na gari kutoka Tanga, viti vya wageni vimejaa sebuleni, yeye yuko jikoni na kisu mkononi. Lakini sikuwa na mahali pengine pa kumlilia yule mama. Sebuleni nilikuwa mgeni, jikoni nilikuwa mtu wa nyumbani. Hapo ndipo mjukuu wake, Yona, alipoinama mlangoni, akanipa shikamoo, akachomoa simu. Yona anatembeza watalii msituni, na sasa anataka kuwapeleka mtoni wakavue trauti, samaki wa mito ya baridi, kwa fimbo na ndoana ya manyoya. Fimbo ameshapata. Amebakiza wavu wa mkono, ule wa kumwopolea samaki akishanasa. Akanionyesha picha tatu: wavu wa mpini mrefu unaojikunja, wavu wa duara la mti linalong'aa, na wavu wa mpira. "Bibi, wote hapa wanasema nikuulize wewe. Nichukue upi?" Wanawake wakacheka, maana msibani si mahali pa kuchagulia nyavu. Mimi nikamwuliza, "Huyo samaki unataka kumla, au unataka aishi?" Nikamwambia amalize msiba wa bibi yake kwanza, nitamjibu kwa nafasi yangu, na jibu lenyewe limekuwa refu kuliko alivyotaka.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata Azimio la Arusha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la nane nimelimaliza Gare zamani kidogo, kuendelea sikuchaguliwa, na nilikuwa nimepata kibarua kwenye kituo cha samaki juu ya mto Mkuzu. Nikisema kituo msije mkafikiria jambo kubwa. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye trei za mbao za kulazia mayai, na nje mabwawa manne ya mawe ambayo maji ya mto yaliingia kwa mfereji na kutoka kwa mfereji. Wazungu waliokijenga walileta trauti kutoka kwao ili wapate kitu cha kuvua siku za mapumziko. Baada ya Uhuru waliondoka mmoja mmoja, wakatuachia mabwawa na samaki wachache wazee ambao kutaga walishasahau. Kazi yangu ilikuwa kusaga maini kwa mashine ya mkono na kuwalisha hao wazee. Nilipanga chumba kwa Mama Neema, mjane wa Kilutheri mwenye ulimi mkali na mkono wa kutoa, na chumba changu kiligusana na jiko lake kwa ukuta mwembamba, kiasi kwamba moshi wake ulikuwa wangu na maneno yake yote niliyasikia. La kwanza nililolisikia kupitia ukuta ule lilikuwa juu yangu. "Mtoto wa watu anatoka Gare kuja kuwasagia samaki maini," alikuwa akimwambia jirani. "Samaki wanakula maini, sisi tunakula mboga ya mchunga. Ndiyo Uhuru huo." Kisha jioni akanipakulia bada, ugali wa muhogo, na mchunga ule ule, na juu yake akaweka kipande cha nyama alichokuwa amekificha kwa ajili yangu.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Bwana Magesa. Watu walimwita Bwana Samaki, kama walivyomwita mwenzake wa mashamba Bwana Shamba. Alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mpole, mwana wa wavuvi wa ziwani, na baridi ya Magamba ilimtesa vibaya. Alivaa makoti mawili na bado alikuwa akisogelea meko kila alipokuja kula, maana naye alikuwa akilipia chakula kwa Mama Neema. Mambo ya ziwa aliyajua yote. Trauti alikuwa amesoma habari zake darasani tu, na hakuona haya kusema hivyo, jambo lililonifanya nimpende tangu mwanzo.

Mwezi wa tano, ukungu ukiwa umeanza kukaa mabondeni mpaka saa nne, afisa wa wilaya alipanda kuja kutuona. Alikuwa mtu wa haraka, viatu vyake vikubwa, daftari hana, kila kitu anakiweka kichwani. Alizunguka mabwawa mara moja akasimama. "Ndugu Magesa, hawa samaki wanamfaa nani?" Bwana Magesa akamweleza kwamba wakizaa, vijiji vinaweza kuchimba mabwawa yao, watoto wakala samaki huku huku mlimani, si lazima dagaa wapande na lori. "Wakizaa," akasema afisa. "Na wasipozaa? Mimi nina watu wanaotaka ardhi yenye maji. Viazi mviringo vitastawi hapa." Wakazungumza, nami nimesimama pembeni na ndoo yangu ya maini, na mwisho wakapatana hivi: kipupwe kikiisha bila mayai hai kwenye trei, mabwawa yanakaushwa, Bwana Magesa anarudi ziwani, kibarua kinaisha. Kukiwa na mayai, kituo kinabaki, na wilaya itapeleka kijana mmoja kwenye chuo cha uvuvi ili awe msaidizi wa kudumu. "Kijana yupi?" akauliza Bwana Magesa. Afisa akanitazama, akatazama ndoo. "Si huyu? Au anaogopa maji?" Sikuogopa maji. Niliogopa kurudi Gare. Kwetu hapakuwa na ubaya wowote, ila nilikuwa nimeshaaga, na wenzangu waliochaguliwa walikuwa wakirudi likizo na sare zao na Kiingereza chao, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeulizwa, "Na wewe sasa unafanya nini?" Chuo kile nilikitaka mpaka nikawa nasikia njaa yake. Nalisema wazi kwa kuwa watu wa kizazi changu tulifundishwa kusema kwamba tulitaka kujenga taifa tu. Nilitaka kujenga taifa, na nilitaka mno kwenda chuo.

Samaki wa kutaga walikuwepo, ila walikuwa mtoni huko juu, kwenye maji meupe yanayopita kati ya mawe msituni. Wavu wa kukokota haupiti pale, unashikwa na mizizi. Njia ilikuwa moja: kuwavua mmoja mmoja kwa ndoana ya manyoya, ambayo hushika ukingo wa mdomo tu na kumwacha samaki mzima, kisha kumwopoa, kumtia kwenye debe la maji na kushuka naye mbio hadi bwawani. Mwenye kuijua fimbo hiyo alikuwa mmoja, Mzee Shemboza, aliyewabebea Wazungu mizigo yao ya uvuvi miaka mingi, na akaachiwa fimbo na wavu na yule wa mwisho kuondoka. Alikuwa na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Kofia yake ilikuwa na manyoya ya ndoana yamechomekwa pembeni, na kila sentensi yake ilianza na "Bwana wangu mimi alikuwa akisema." Lakini akiirusha ile fimbo, mshipi ulikuwa ukitua juu ya maji bila kuacha alama, na hata Mama Neema, ambaye hakumwamini kwa lolote, siku moja alisimama ng'ambo na mzigo wake wa kuni kichwani akimtazama mpaka shingo ikamchoka.

Basi mjadala wa wavu ulianzia hapo, tena mezani. Mzee Shemboza alileta wavu wake akauweka karibu na sufuria ya maharage. Duara lake lilikuwa la mti uliopindwa vizuri, mpini mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja, na mfuko wa kamba ya pamba wenye mafundo, mrefu kupita kiasi. "Samaki akiingia humu hatoki," akasema. Bwana Magesa akaupima kwa macho akasema mfuko ule utamkunja samaki, afadhali wavu wa nailoni kama wa kwao, hauozi, hauchoki, akaahidi kuagiza kipande kutoka nyumbani. Mzee akasema nailoni ni ya kuvulia kuku. Bwana Magesa akasema kwa upole kwamba ziwani hakuna kuku. Mama Neema akasema mtu akiweka tena wavu mezani kwake atakula nje. Ndivyo tulivyokuwa tukila, na mimi nilikuwa nacheka huku nahesabu wiki za kipupwe kichwani.

Tulianza na wavu wa mzee. Mwezi wa sita tulipata samaki wazuri, majike yenye matumbo mazito na madume yenye mstari mwekundu ubavuni, tukawashusha wakiwa hai, tukawaona wakiogelea bwawani, tukapeana mikono. Baada ya siku chache walianza kuota kitu cheupe kama pamba, mgongoni kwanza, kisha kwenye mapezi, kisha nawakuta asubuhi wamelala kichwa chini. Nailoni ya Bwana Magesa ilipofika tukaivalisha kwenye duara lile lile. Samaki wakaja na mapezi yaliyochanika, na pamba ile ikaota kwenye michaniko, basi tukarudisha mfuko wa mzee. Tulibadilisha maji. Tulibadilisha bwawa. Bwana Magesa alifungua vitabu vyake vya chuo, vikasema samaki ana ute mwilini unaomkinga, ukitoka anapata kuvu, na hilo tukalielewa, lakini ute ulikuwa ukitokaje kwa wingi hivyo hatukujua. Mzee Shemboza alikuja kutazama samaki mmoja aliyekufa, akamgeuza ubavu kwa ncha ya kidole. "Bwana wangu mimi," akasema mwishowe, "hakuwahi kumrudisha samaki hata mmoja majini. Sisi tulikuwa tunampiga kichwani tunampeleka jikoni." Nafikiri ndipo alipogundua kwamba wavu aliousifia miaka yote haukuwahi kuulizwa swali tulilouliza sisi.

Sasa nieleze desturi moja, kwa ajili ya wasomaji wa pwani. Nyumba za kwetu mlimani, kitu cha thamani kinawekwa darini juu ya meko. Mbegu za mahindi ziko pale, mpini wa jembe mpya uko pale, tenga jipya liko pale, na moshi unapanda mchana kutwa unavikausha na kuvikinga na wadudu. Mtu akikuazima kitu chake ukakiweka kwenye kona yenye unyevu, umemdharau. Kwa hiyo kila tulipotoka mtoni, wavu ulipanda darini kwa Mama Neema. Hakuna aliyeamua, na hakuna aliyejiuliza. Mzee Shemboza aliuweka mwenyewe kwa mikono miwili, Bwana Magesa akashukuru kwa kuwa kwao nyavu huanikwa juani na huku jua hakuna, nami nilikuwa naupokea asubuhi umekauka vizuri, mgumu, mweusi kwa masizi, una harufu ya nyumba. Tuliutunza wavu ule kama mgonjwa, kumbe utunzaji wenyewe ndio uliokuwa ukiua samaki. Kamba kavu iliyokolea moshi inakwangua kuliko msasa, na masizi yake yalikuwa yakibaki kwenye ngozi ya samaki pale ute ulipotoka.

Aliyetuokoa alikuwa Mama Neema, tena kwa hasira. Jioni moja mwishoni mwa mwezi wa saba tulichelewa kutoka mtoni, wavu ukapandishwa darini ukiwa bado unachuruzika, na maji yake yakadondokea kwenye chungu cha makande. Nilikuwa chumbani kwangu nikimsikia. "Nimevumilia," akasema. "Nimevumilia harufu, nimevumilia magamba kwenye unga wangu. Sasa makande yangu ya wageni wa kanisa yananuka bwawa." Bwana Magesa akaomba radhi mara nyingi. Haikusaidia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, wavu ukaruka nje, ukaangukia kwenye pipa la kukingia maji ya mvua, na mlango ukafungwa. Hakuna aliyethubutu kwenda kuufuata. Usiku kucha ulikaa mle majini, asubuhi nikauchukua umelainika, masizi yameanza kuachia, tukaondoka nao hivyo hivyo unachuruzika. Tulipata jike mmoja wa wastani. Siku zikapita nikawa nakwenda kumtazama kila saa nikipata sababu. Mgongo wake ukabaki safi. Nikamwita Bwana Magesa, akapiga magoti kwenye majani yenye baridi na makoti yake mawili, akamtazama kwa muda, kisha akaanza kucheka peke yake. "Tumekuwa tukiwakausha," akasema. "Sabina, sisi tumekuwa tukiwabanika taratibu." Tukamweleza Mama Neema kwamba hasira yake imetufaa. Akasema hasira yake ingefaa zaidi kama wangeisikiliza mapema, akaendelea kuchambua maharage.

Tukajua basi kwamba wavu lazima uwe umelowa na uwe laini kabla haujamgusa samaki, na ukitoka mtoni usikaribie moto. Bado mafundo. Wavu wa mzee, hata ulowe namna gani, fundo ni fundo, na jike mkubwa mwenye uzito na mayai akijigeuza ndani yake anajichubua. Siku ya Jumapili, mchungaji akiwa ndiyo kwanza ameondoka, nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Mama Neema, chumba ambacho kilifunguliwa kwa ajili ya mchungaji na sikukuu tu. Kila kiti kilikuwa kimevaa kitambaa cha kufuma, na meza, na redio, na hata picha ya marehemu mumewe ilikuwa na kitambaa chake juu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wa kiti, vidole vinachezea kile kitambaa, na nikahisi kwamba kina matundu, kinavutika, kina nguvu, na hakina fundo hata moja la kukwaruza. Nikakitoa kitini nikajipangusa nacho shavuni. Mama Neema akaniuliza kama nimeanza kuumwa. Nikamwambia ninachofikiria. Yeye alikuwa na uzi mweupe wa pamba, mzito, aliokuwa akiuweka kwa ajili ya vitambaa vya arusi ya Neema, binti yake, na nilijua vitambaa vile vilikuwa na maana gani kwake. Akainuka, akafungua kabati, akanitupia mabonge ya uzi mapajani. "Neema bado hajapata hata mchumba wa maana," akasema. "Fuma."

Nilifuma wiki ile yote, mchana kando ya mabwawa, jioni jikoni. Kila mtu alikuwa na neno, na safari hii maneno yote yalifaa. Bwana Magesa alitaka mfuko usiwe na kina, samaki alale amenyooka kama mtoto kwenye ungo, asikunjike. Mzee Shemboza alisisitiza tubaki na mpini wake mfupi, maana ukiwa ndani ya maji, matawi yako juu yako na jiwe liko nyuma yako, mpini mrefu unashika kila kitu isipokuwa samaki, na hapo alikuwa na haki kabisa. Mimi nilitaka matundu yawe madogo, pezi lisipenye. Tukabishana juu ya upana wa duara mpaka Mama Neema akachukua muhogo mkubwa uliomenywa, akauchovya majini, akaurusha hewani kuelekea kwangu. "Daka," akasema. Nikaudaka na wavu. Ukaruka upande wa pili ukaanguka. Duara lilikuwa jembamba. Mzee akakata ufito mwingine, akaukunja kwa mvuke wa sufuria, tukajaribu tena. Jioni zile mihogo ilikuwa ikiruka jikoni, Bwana Magesa anadaka, mzee anadaka, Mama Neema anarusha huku amekunja uso, na sijawahi tena katika maisha yangu kucheka namna ile nikiwa na hofu kubwa kiasi kile. Kila nikisikia vijana wa leo wakiizungumzia Ujamaa kama somo la mtihani, wengine wakiisifia, wengine wakiilaani, mimi naikumbuka kwa watu wanne wa dini na makabila yao tofauti wakirushiana muhogo ili samaki asichubuke. Mengine ya wakati ule yalituumiza, nayajua. Lile halikutuumiza.

Mwezi wa nane ulikuwa ukimalizika na baridi ilikuwa imeanza kulegea. Tulikuwa na majike mawili tu bwawani, madogo, na mayai yao machache yaliharibika tulipoyakamua tumboni. Tukapanda tena juu, watatu. Kwenye dimbwi chini ya maporomoko madogo Mzee Shemboza alirusha, mshipi ukatua, na maji yakapasuka. Nilimwona alipogeuka ubavu. Alikuwa mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona, tumbo limejaa, na fimbo ya mzee ilipinda mpaka nikadhani itavunjika. Mzee alikuwa akitembea kando ya dimbwi, Bwana wake amemsahau kabisa. Mimi niliingia majini mpaka kiunoni na wavu uliolowa. Samaki alipopita nikamfuata, nikarusha mkono, nikamkosa, akakata maji kwenda upande wa mizizi. Nikamfuata tena. "Sabina," Bwana Magesa akasema kutoka ukingoni, sauti yake ya kawaida, "usimfukuze. Baba yangu alikuwa akituambia, wavu ukikimbia, samaki naye anakimbia. Uzamishe. Simama hapo ulipo. Mngoje akujie kwa kichwa." Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuambiwa nifanye. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, chuo kiko kwenye ncha ya mshipi ule, na naambiwa nisimame. Nikauzamisha wavu, nikautuliza. Mzee akamleta taratibu, kichwa mbele, juu ya duara, na nilichofanya kilikuwa kuinua tu. Alilala mle ndani amenyooka, akifumbua na kufumba mdomo, na uzi mweupe wa arusi ya Neema haukuacha alama hata moja juu ya mgongo wake.

Tulimkamua siku ya tatu yake kwenye bakuli la enameli ambalo Mama Neema alitupa kwa masharti kwamba halirudi jikoni. Bwana Magesa alimshika kwa kitambaa kilicholowa, mimi nikapitisha kidole gumba tumboni, na mayai yakashuka ya rangi ya chungwa bivu, mengi, yakigonga enameli kwa sauti ndogo. Tukayachanganya na mbegu ya dume, tukayaosha, tukayalaza kwenye trei, maji yakapita juu yake. Jike tulimrudisha bwawani. Alikaa chini kimya kutwa nzima, kesho yake akala maini kutoka mkononi mwangu. Yona, ukitaka samaki wako aishi hivyo, chukua ule wa mpira usio na mafundo, na uuloweshe kwanza.

Baada ya hapo hakuna kazi, kuna kungoja tu. Yai likifa linageuka jeupe, na kila asubuhi nilikuwa nikiyatoa meupe kwa unyoya, nikijilazimisha nisihesabu yaliyobaki. Afisa wa wilaya alirudi kabla hatujajua lolote la hakika. Alikuja na watu wake wenye majembe na magunia ya mbegu za viazi, wakakaa juu ya ukuta wa bwawa la kwanza wakinywa maji na kutazama udongo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoa ahadi kwetu na ahadi nyingine kwao, na kipupwe kilikuwa kimekwisha. Aliingia kwenye kibanda, akainama juu ya trei, akaona punje za rangi ya chungwa. "Haya ni mayai," akasema, "lakini mayai hata kuku wasio na jogoo wanayo. Nitajuaje kama yana uhai?" Hata sisi wenyewe tulikuwa hatujui. Nikachota machache kwa kijiko, nikatoka nayo nje kwenye mwanga, nikayainua. Ndani ya kila moja kulikuwa na nukta mbili nyeusi. Yalikuwa macho. Siku iliyotangulia hayakuwepo, au hayakuonekana, na sasa yalikuwa pale, na punje moja ikajigeuza yenyewe ndani ya kijiko.

Afisa alichukua kijiko mkononi mwangu akakisogeza karibu na uso wake. Wale wenye majembe wakainuka mmoja mmoja wakaja kutazama mabegani mwake. Mmoja wao akasema kwa Kishambaa kwamba yanamtazama yeye. Afisa akanirudishia kijiko kwa uangalifu wa mtu anayerudisha mtoto. "Viazi vipandwe kule juu ya mfereji," akawaambia watu wake, "pana nafasi." Kisha kwangu, "Cheti chako cha darasa la nane kiko wapi?" Nikasema kiko Gare, kwa mama. "Kesho ukifuate. Keshokutwa nakitaka ofisini Lushoto."

Bwana Magesa alikuwa amegeukia ukuta, anajifuta uso kwa mkono wa koti la juu. Mimi niliyarudisha mayai kwenye trei, nikafunika, nikanawa mikono. Mama Neema alipiga kelele kutoka mlangoni kwake kwamba chakula kiko tayari na kwamba njia ya Gare haitahama mpaka kesho. Sikumjibu. Njia ile ile ambayo mwaka mzima nilikuwa nikiiota kwa hofu, nikijiona narudi nayo nimebeba kifurushi changu na aibu yangu, nilianza kuishuka mchana ule ule, sketi imelowa mpaka magotini, mikono bado inanuka maini na samaki, nakimbia.